Mtunza Kifurushi na Njia ya Siri

Debian, mfumo wa Linux ulioasisiwa mwaka 1993 na ambao watunzaji wake aghalabu ni watu wa kujitolea, humpelekea mtumiaji programu kutoka maghala yaliyotapakaa duniani, na kila kifurushi hukaguliwa kwa orodha iliyotiwa sahihi, hata akitokea mtu njiani akakibadili japo kidogo, apt, programu inayosakinisha vifurushi, hukikataa. Lakini sahihi hulinda kilichomo tu, haimsitiri anayekichukua. Mwenye ghala aweza kujua umepakua nini na, jambo ambalo kwa rai yangu ni la hatari zaidi, ni kiraka gani cha usalama hujakichukua bado, na akiwa na nia mbaya aweza kukucheleweshea wewe peke yako ilhali wenzako wanakipata.

Ndiyo sababu ya kuwapo apt-transport-tor, kifurushi kidogo kinachopitisha upakuaji katika mtandao wa Tor, ambamo ombi huzungushwa kwa kompyuta tatu, wala hakuna hata moja iliyo peke yake inayomjua mwombaji na aendako. Mtumiaji huandika tor+http:// katika faili ya orodha ya maghala, sources.list, palipokuwa na http://, basi.

Mintarafu ya kazi ya mtunzaji, hapo awali kifurushi kilibeba msimbo wake wenyewe wa kupakua, na msimbo hudai kulelewa. Apt ilipojifunza mwaka 2016 kusema na wakala wa SOCKS, ambaye ndiye lango la kuingilia Tor, sehemu kubwa ya msimbo huo ilifutwa. Kukubali kufuta kazi ya mikono yako si jambo jepesi, nami nalihesabu kuwa ustadi. Kilichobaki ni kidogo, ila kina uzito: katika anwani socks5h://apt-transport-tor@localhost:9050, herufi h ya mwisho katika socks5h ndiyo inayoamuru jina la ghala litafutwe ndani ya Tor, lisivujishe siri kabla ya safari kuanza, na jina lililotangulia @ huifanya Tor iitenge njia ya apt na njia za programu nyingine.

Januari 2019 ilidhihirika dosari katika apt iliyomwezesha mtu aliyejipenyeza njiani kuingiza programu ovu kwa mamlaka yote ya msimamizi wa mashine. Na mlango wa kutokea Tor, ambao yeyote aweza kuuendesha, ni mahali pa kujipenyeza. Afadhali basi anwani za onion, yaani zilizomo ndani ya Tor yenyewe, ambazo Debian ilizitangaza mwaka 2016, kwani ombi halitoki nje ya Tor kabisa. Nazo zilileta kazi yake: mwaka 2021 Tor iliacha anwani za herufi 16 ikabakiza za herufi 56, na ambaye hakuibadili sources.list yake alikuta apt update haifiki ghalani.