Je, Wajua? Nchi Iliyowasaka Wagonjwa Wasiojijua

Mwaka 2016 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuwa, ifikapo 2030, maambukizi mapya ya homa ya ini yapungue kwa asilimia 90 na vifo kwa asilimia 65. Waliotia fora katika safari hiyo ni Wamisri, ambao nchi yao ndiyo iliyokuwa imeelemewa zaidi na homa ya ini aina C.

Je, wajua kwamba Misri ugonjwa huo ulienezwa na matibabu? Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipambana na kichocho, kilichowatesa wakulima wa bonde la Nile. Dawa ilikuwa ya kuchoma mshipani, na mgonjwa mmoja alichomwa mara kumi na zaidi kwa wiki kadhaa. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo. Yalirudiwa kwa mgonjwa baada ya mgonjwa, na mara nyingi hayakuchemshwa ipasavyo. Virusi vya aina C havikuwa vimejulikana bado, kwani viligunduliwa mwaka 1989. Vidonge vya kichocho vilipokuja kuchukua nafasi ya sindano, mamilioni walikuwa wameshaambukizwa.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kukaa na virusi hivyo miaka 20 hata 30 bila kuumwa? Analima, anazaa, anafunga Ramadhani, kumbe ini linajaa makovu taratibu. Wengi hushtuka tumbo likishajaa maji au saratani ikishaota.

Je, wajua kwamba kidonge kimoja cha kuitibu kiliwahi kuuzwa dola 1,000? Ndiyo bei ya sofosbuvir ilipoingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2013: vidonge 84 vya wiki 12, dola 84,000. Misri ilikaa mezani na mtengenezaji ikapata dawa ya mwezi mzima kwa dola 300. Baadaye viwanda vya ndani vikaanza kuitengeneza, na gharama ya dozi nzima ikashuka chini ya dola 100.

Je, wajua kwamba ilifika siku dawa zikawapo, wagonjwa wakakosekana? Mwaka 2014 serikali ilifungua tovuti ya kujiandikisha, na watu wakafurika. Miaka michache baadaye foleni ilikwisha. Waliojijua kuwa wanaumwa walikuwa wametibiwa. Waliobaki hawakuwa na habari.

Hapo ndipo Misri ilipogeuza mkakati: badala ya kumsubiri mgonjwa hospitalini, ikamfuata aliko. Kampeni ya "Afya Milioni 100" ilianza Oktoba 2018 ikaisha Aprili 2019, ikipita mikoa yote 27 kwa awamu. Watu wazima walitambuliwa kwa daftari la wapigakura. Vituo viliwekwa hospitalini, viwandani, misikitini, makanisani na kwenye stesheni za treni. Mtu alitobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha haraka, na majibu yakatoka baada ya dakika chache. Papo hapo alipimwa pia sukari, shinikizo la damu na uzito, bila kulipa chochote. Kwa miezi saba walipimwa watu milioni 49.6.

Zaidi ya milioni 2 walikutwa na dalili ya kuwahi kuambukizwa, wakaelekezwa kwenye kipimo cha pili cha kuthibitisha kama virusi bado vimo. Waliothibitishwa walipewa dawa bure. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitunuku Misri daraja la dhahabu katika safari ya kutokomeza aina C, nchi ya kwanza duniani kufika hapo.

Je, wajua kwamba aina B ni kinyume cha C? C haina chanjo lakini inapona. B ina chanjo lakini dawa zake huituliza tu. Mtoto mchanga akiambukizwa B na mama yake wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki nayo maisha ni karibu asilimia 90. Kwa mtu mzima hauzidi asilimia 5. Ndiyo maana wataalamu husisitiza chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua waziwazi.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki nayo ina la kujivunia? Desemba 2018 Rwanda ilitangaza mpango wa miaka mitano wa kutokomeza aina C. Chanjo ya B imo ndani ya ile sindano ya magonjwa matano wanayopewa watoto wa Tanzania na Kenya wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Na tenofovir, dawa inayojulikana sana kliniki za VVU, ndiyo hiyo hiyo inayodhibiti virusi vya B.

Julai 28 ni Siku ya Homa ya Ini Duniani, tarehe aliyozaliwa Baruch Blumberg, mgunduzi wa virusi vya B. Usiingoje. Ukienda hospitali kwa lolote, omba upimwe B na C. Ukiwa mjamzito, ulizia kipimo cha B kabla hujajifungua.