Unataka Gauni la Kisanamu Ling'ae Kama Satini? Wacha Hiyo Vanishi Kwanza

Msee, kama umeingia hii maneno ya kupaka rangi visanamu, wale wapiganaji wa Warhammer wanaotengenezwa na Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ama malkia wa kuwekwa tu kwa kabati, siku moja lazima utafika kwa gauni la hariri. Na hapo ndipo wengi huchemsha. Upanga umetoka fiti, macho yamekaa poa, lakini gauni linakaa gunia. Kiwewe kinakushika, unachukua vanishi ya kung'aa unapaka juu ya wera ya wiki mbili. Zii, buda. Usijaribu.

Kisanamu cha kawaida kina kama milimita 28, pingili moja ya kidole gumba hivi. Ukipaka vanishi, inanasa taa ya chumba chako, inaweka doa mahali hakuna hata mkunjo, na ukigeuza kisanamu doa linahama. Jicho linaona plastiki iliyonyeshewa. Huo mng'ao inabidi uuchore mwenyewe, na rangi isiyong'aa hata kidogo.

Sasa chukua boneti ya satini ya siz (omba kwanza, hatutaki ngori), ikunjekunje kwa meza, zima taa, halafu umulike na tochi ya simu kutoka upande mmoja. Weka na tishati ya pamba kando yake. Kwa tishati, mwanga unafifia polepole. Kwa satini kuna mstari mwembamba, karibu mweupe, kwa mgongo wa mkunjo, halafu ghafla unaanguka kwa giza. Ni vile imefumwa: uzi unaruka juu ya nyuzi nne ama zaidi kabla ya kuzama, uso unakuwa laini, mwanga unarudi pamoja. Kwa tishati ya pamba uso si laini hivyo, mwanga unatawanyika.

Cheki pia ndani ya kivuli. Kuna kamstari hafifu ka mwanga uliogonga meza ukarudi. Wengi hukasahau, na ndiko hudanganya jicho kabisa.

Tuseme gauni ni jekundu. Amua mwanga unatoka wapi na usibadilishe. Anza na maruni iliyokolea, karibu nyeusi, na uiache kwa mabonde yote ya mikunjo. Nyekundu safi inaingia juu yake, lakini eneo dogo kuliko vile roho inakuambia. Halafu changanya nyekundu na krimu kidogo, uvute mistari kwa migongo. Itakaa pinki na utaogopa. Relax, pinki ikiwa nyembamba jicho linaisoma kama mwanga. Mwisho ni nukta za nyeupe, chache sana, pale mkunjo umepinda kuangalia taa.

Mipaka ikikaa kali sana, ongezea nyekundu maji hadi iwe kama strungi, pitisha juu ya maungio, ngoja ikauke, rudia. Usiilainishe kabisa lakini, utarudi kwa pamba.

Mtu wa kuibia mbinu ni Gerard ter Borch, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17. Kuna picha yake ya mwaka wa 1654 hivi, iko Rijksmuseum, Amsterdam: dame amesimama ametupa mgongo, amevaa gauni la satini la rangi ya fedha. Iko kwa tovuti yao bure, ivute karibu. Hiyo fedha yote ni kijivu, giza na nyeupe zimekaa jirani.

Mahameli nayo ni kinyume, inameta pembeni na kuwa giza katikati, kwa hivyo usichanganye hizi mbili.

Ukimaliza, kinga kazi na vanishi isiyong'aa, mikono miwili myembamba. Huwa inafifisha zile nukta nyeupe kidogo, so zirudishie juu yake ikikauka.