Tubishe Hodi Kabla ya Kupiga Picha

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi huku Kalimoni, baina ya Thika na Ruiru, nikidhani naielewa. Nilipokwenda Lamu katika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ndipo nilipotambua kuwa mgeni pia aweza kumwudhi mwenyeji.

Karibu na Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, wanaume walijipanga safu wakicheza goma kwa bakora, matari yakirindima. Nilijipenyeza kati yao na kamera yangu. Mzee mmoja akanishika mkono, akasema kwa upole: "Mwanangu, keti kwanza, usikilize." Nikaketi. Nikapewa kahawa chungu, nikaelezwa kwamba ngoma ile ni ya kumsifu Mtume, wala haikutungwa kwa ajili ya watalii. Nilitahayari.

Mwaka 2001 UNESCO iliuorodhesha Mji wa Kale wa Lamu kuwa urithi wa dunia. Lakini urithi hauhifadhiwi kwa picha pekee. Walimu wenzangu, tuwapelekapo wanafunzi ziarani, tuwafunze kwanza kubisha hodi.