Tahariri inaposema "wahusika", inamsema nani hasa?

Fungua gazeti lolote la Kiswahili, pita habari kubwa za mbele, utakuta safu fupi isiyo na jina la mwandishi. Hiyo ndiyo tahariri. Haina jina kwa sababu si maoni ya mtu mmoja, ni msimamo wa gazeti zima. Ndiyo maana husema "tunashauri" na "sisi tunaona".

Wengi huiruka. Lakini ukijua inavyoandikwa, utaona nani anasemwa na nani ameachwa.

Kwa nini methali nyingi?

Tahariri ya barabara mbovu ikianza na "usipoziba ufa utajenga ukuta", haihitaji aya tatu kuthibitisha kwamba kuchelewa ni gharama. Msomaji ameshakubali, maana methali hiyo anaijua tangu utotoni. Atakayebisha atakuwa anabishana na wahenga, si na mhariri.

Faida nyingine ni kwamba methali humsema mkubwa bila kumtaja. Mwenye kuelewa ataelewa.

Mbinu hii si ya Kiswahili peke yake. Mwaka 1928, chama cha KCA nchini Kenya kilianzisha Muigwithania, gazeti la Kikuyu. Mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alijulikana kama Jomo. Methali za Kikuyu zilitumika humo kuhimiza umoja, huku serikali ya kikoloni ikilifuatilia kwa karibu.

Waliosema wazi je?

Baadhi walilipa. Mwaka 1958 huko Tanganyika, wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Bagdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi kutokana na andiko lililowashambulia watawala wa Kiingereza.

Hata baada ya uhuru, kalamu haikuwa salama kabisa. Februari 2022 ndipo serikali ya Tanzania iliporudisha leseni za magazeti manne ya Kiswahili yaliyokuwa yamefungiwa: Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima.

Kwa hiyo mhariri anapozunguka, si lazima awe mwoga. Wakati mwingine analinda gazeti lisifungwe.

Tatizo liko wapi?

Fumbo linalomlinda mhariri linaweza kumlinda na mkosaji pia. Chukua sentensi hii iliyozoeleka: "Tunaziomba mamlaka husika zichukue hatua." Mamlaka ipi? Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya ziko chini ya TARURA. Bila kutaja jina, kila ofisi itasema "si sisi", na shimo litabaki pale pale.

Methali nayo inaweza kuziba pengo la ushahidi. Maneno yanasikika matamu, lakini hakuna tarehe, hakuna kiasi cha fedha, hakuna ahadi iliyovunjwa.

Unaposoma, jiulize haya

- Nani anatakiwa kufanya nini, na lini?
- Ukiitoa methali, hoja inabaki?
- Hiyo "sisi" inajumuisha nani: gazeti, wananchi, au wenye gazeti?

Tahariri ikijibu swali la kwanza, wiki ijayo utajua wa kumuuliza kama kazi imefanyika. Isipojibu, ulichosoma ni ushauri mzuri usio na wa kuupokea.