Dhiki ya Hiari

Wasikilizaji wetu, mara nyingi twaulizwa: mtu mwenye kitanda na paa huendaje mlimani kulala juu ya mawe na kunyeshewa mvua, kisha akirudi husema amefurahi? Je, ana wazimu? Leo twapenda kulijibu swali hilo kwa habari iliyotukia katika Mlima Kenya mwaka 1943.

Wakati ule wa vita palikuwa na kambi ya mateka wa Kiitalia huko Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alichoshwa na siku zisizo na kazi, kila moja mfano wa jana yake. Hata mawingu yalipofunuka akauona mlima, akaingiwa na shauku ya kuupanda. Akapata wenzi wawili: Giovanni Balletto, aliyekuwa tabibu, na Vincenzo Barsotti. Kwa siri wakageuza nyundo kuwa shoka za barafu; vipande vya chuma wakavifanya meno ya kufunga viatuni; na chakula wakakiweka akiba kidogo kidogo. Ramani hawakuwa nayo, ila picha ya mlima iliyokuwa katika karatasi ya mkebe wa chakula.

Tarehe 24 Januari wakatoroka. Walipita msituni kwa hofu ya wanyama wakali, wakaona baridi na njaa. Barsotti akaugua, ikawa hana budi kubaki hemani. Wawili wakajaribu kilele cha Batian, chenye futi 17,000 na zaidi, wakashindwa. Walakini tarehe 6 Februari walifika Lenana, futi 16,355, wakasimamisha bendera yao. Kisha walifanya nini? Walirudi kambini kwa miguu yao wenyewe! Walihukumiwa kufungwa peke yao siku 28. Lakini mkuu wa kambi akaipunguza adhabu kuwa siku 7, kwa kuustahi ushujaa wao.

Basi, wamepata faida gani? Kambini walikuwa na chakula zaidi na mahali pakavu pa kulala, na bado hawakuwa na raha. Mlimani walikosa vyote viwili, nao wakaona raha. Wahenga wamesema, hiari yashinda utumwa. Dhiki tuliyoshurutishwa hutuvunja moyo. Dhiki tuliyoichagua kwa kusudi hututia nguvu, maana kila hatua ni yetu.

Tena, shida hukipa kitu kidogo thamani yake. Nani nyumbani hushukuru kikombe cha chai? Lakini akinywe alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, ndipo atakapojua utamu wake. Na wenzi waliogawana mkate wa mwisho hawasahauliani upesi.

Walakini tusichanganye ushupavu na upumbavu. Juu ya milima hewa ni hafifu. Mwenye kuumwa na kichwa na kutapika asiongeze mwendo kwenda juu, na akizidi, ateremke mara moja. Wale wawili walipoona Batian hapapandiki, waligeuka. Na kwa sababu waligeuka, waliishi hata kuona Lenana.

Kwa hiyo, msikilizaji, safari ikikulowesha na kukuchosha, usihesabu taabu tu. Jiulize: je, nimeichagua mwenyewe? Kama ndivyo, kaza mkanda, uende polepole, na ukirudi utakuwa na hadithi ya kuwasimulia wajukuu.