Unyumba baada ya maradhi na msiba: kwa nini mshauri ndiye anayepaswa kuanza kuuliza

Katika mitaa ya Bujumbura, kuanzia Gasenyi upande wa kaskazini, ilikojengwa Ikulu mpya, hadi Buyenzi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, mgonjwa wa saratani au kisukari huulizwa mengi afikapo kwa daktari: analala vipi, anakula nini, dawa anazimeza saa ngapi. La unyumba ni nadra kuulizwa. Naye hathubutu kulitaja, hasa ikiwa mbele yake ameketi kijana wa umri wa mwanawe.

Si kwamba maneno yamekosekana. Warundi husema «amabanga y'abubatse», yaani siri za waliojenga nyumba. Waswahili husema unyumba. Lugha zote mbili zimelifungia jambo hili ndani, na stara hiyo ina heshima yake. Lakini maradhi mazito huingia hadi chumbani.

Tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Warundi wengi wamelazimika kuifuata nje ya nchi, huweza kuubana na kuukausha uke. Kisukari hudhuru mishipa ya damu na ya fahamu, mwanamume akapungukiwa nguvu. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za sonona huleta hali hiyohiyo. Asiyeelezwa hujitafutia tafsiri: mke amemchoka, mume ana mwingine, jirani ameroga. Wapo wanaoacha dawa kimyakimya, ilhali pengine kilainishi au kubadilishiwa dawa kungetosha.

Mwaka 1976, mwanasaikolojia wa Marekani Jack Annon alipendekeza mazungumzo haya yafuate ngazi nne: ruhusa ya kuzungumza, maelezo machache, ushauri mahususi, na mwisho tiba ya kina. Ngazi ya kwanza haihitaji ubingwa. Mshauri aweza kusema: «Wengi wenye maradhi haya hutuambia unyumba umebadilika. Kwako hali ikoje?» Mgonjwa asipotaka kujibu, basi; amekwisha kujua kwamba siku nyingine anaweza. Jambo moja tu halifai kabisa: mama asiyeelewa Kifaransa kutafsiriwa swali hilo na mwanawe.

Msiba nao una kanuni zake. Kwa Waislamu, mjane asiye mjamzito hukaa eda miezi minne na siku kumi. Kwa mila ya Warundi, wanandoa walijiepusha wakati wa matanga hadi siku ya kuganduka. Kanuni hizo humpa mfiwa muda, ila hazimwambii moyo wake utafanya nini. Mmoja huitamani faraja ya mwili mapema, akajiona mkosefu; mwingine hamu humtoka kwa miaka. Wazazi waliozika mtoto mara nyingi huachana njia hapohapo: huyu anataka kukumbatiwa, yule hataki kuguswa, na kila mmoja humdhani mwenziwe hana uchungu.

Uzito huzidi pale mwenza alipofariki kwa UKIMWI. Jeanne Gapiya-Niyonzima, aliyempoteza mume na mtoto kwa ugonjwa huo, alianzisha chama cha ANSS mwaka 1993. Katikati ya miaka hiyo ya 1990, padri alipouhusisha UKIMWI na dhambi wakati wa misa, alisimama akatangaza kwamba ana virusi na kwamba alikuwa mke mwaminifu. Alikuwa Mrundi wa kwanza kujitokeza hivyo hadharani. Enzi hizo ni wachache mno barani Afrika walioweza kuzipata dawa.

Leo mjane kama huyo akiuliza iwapo anaweza kuolewa tena, jibu la kitabibu lipo. Anayemeza dawa bila kukatiza, na vipimo vikaonyesha virusi vimefubaa kiasi cha kutoonekana, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia mamia ya wapenzi wasiotumia kondomu, haukupata hata ambukizo moja kutoka kwa mwenza wa namna hiyo. Wajane wengi hawajalisikia jibu hilo, kwa kuwa hakuna aliyewauliza kama wanafikiria kuolewa.