Springi ya Gari la Yatima

Ndugu msomaji, leo sina habari za malenga wala za ngoma. Nina habari ya vyuma, na ndani ya vyuma hivyo mna jambo lililoninyima usingizi.

Marehemu kaka yangu aliacha mjane, watoto wanne na pikapu moja kuukuu aina ya Toyota Hilux. Gari hilo ndilo lililokuwa shamba lao na duka lao. Kijana wake wa kwanza hulipakia nazi kutoka Kilifi, akazishusha soko la Kongowea, na jioni mamake akapata cha kutia chunguni. Msimamizi wa mali hiyo ni mimi. Waliokaa chuoni kama nilivyokaa mimi wanaujua uzito wa mali ya yatima.

Siku moja kijana akaniambia, "Ami, gari limelala upande wa kushoto nyuma." Tulipochungulia tukaona bapa kubwa la springi limepasuka. Nikauliza bei ya jipya, nikaiona kubwa. Fundi mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, akasema atalichomelea kwa pesa kidogo na jioni gari litakuwa njiani. Nikakubali. Nilijiambia nawahifadhia mayatima pesa zao.

Haikutimia wiki. Kijana akirudi na shehena, karibu na Mtwapa, bapa likakatika pembeni mwa pale pale palipochomelewa. Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, na gari likawa laenda mshazari kama kaa wa pwani. Alhamdulillahi, hakuwa na mwendo mkubwa. Nazi zilimwagika, yeye akasalimika. Lakini nilipomtazama mamake usoni, nilitamani ardhi ipasuke nijifiche.

Ndipo nikaenda kwa fundi mzee wa Kisauni, mtu wa maneno machache. Alilitazama lile bapa akatikisa kichwa. "Ndugu yangu," akasema, "chuma hiki si cha dirisha."

Akanieleza. Chuma cha springi hupashwa moto kikawa chekundu, kikatoswa katika mafuta kipate ugumu, kisha kikapashwa tena moto wa kiasi kipunguze ukavu wake. Hivyo ndivyo kinavyopata tabia ya kupinda na kurudi. Moto wa kuchomelea huivuruga tabia hiyo. Palipo karibu na kiungo huwa pakavu kama kigae, na mzigo ukizidi hukatika papo hapo. Na chumvi ya hewa yetu ya pwani nayo haipumziki: kutu hutoboa vishimo vidogo, na nyufa huanzia humo.

Kazi ilianza asubuhi ya pili. Kwanza aliyazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akaliinua gari kwa jeki, kisha akaweka vigingi vya chuma chini ya chesisi. "Jeki ni ya kuinulia," alisema, "si ya kuwekea roho yako." Bolti zenye umbo la U, zinazoibana ekseli na springi, alikuwa amezinywesha mafuta tangu usiku. Hata hivyo zilikataa, ikabidi zikatwe. Hakusikitika, kwani bolti hizo zikishavutwa na kukazwa kwa miaka hazifai kurudishwa.

Nilijifunza mengi nikiwa nimechuchumaa pale. Bapa kubwa lina jicho kila ncha. Jicho la mbele hufungwa imara katika chesisi, bali la nyuma huning'inia katika kiungo kinachobembea, kwa sababu springi ikilemewa hunyooka na kurefuka, nayo yataka nafasi. Bushi za mpira ndani ya macho hayo zilikuwa zimelika hata chuma kikasuguana na chuma. Nayo bolti ya katikati, ndogo kama kidole, ndiyo iyafungayo mabapa yote pamoja, na kichwa chake huketi katika tundu la ekseli. Hiyo ikikatika, ekseli haina tena mwenye kuionyesha mahali pake.

Akatia springi mpya pande zote mbili, maana ukitia moja gari husimama kombo. Bolti za U alizikaza kwa zamu, mkingamo, kidogo kidogo. Zile za bushi hakuzikaza mpaka gari liliposhuka chini likasimama kwa uzito wake, kwani zikikazwa likiwa juu mpira husokoteka ukaraka upesi. Kisha akaamuru turudi baada ya siku chache za safari, azikaze tena bolti za U, maana mabapa mapya hukaa vizuri yakishatembea.

Gharama ya springi nililipa kwa mfuko wangu, wala simhesabii mtu. Kosa lilikuwa langu.

Bapa lililovunjika hatukulitupa. Mhunzi aliligeuza panga, nalo ndilo kijana anapolifulia nazi za kuonja mnunuzi. Kila nikilisikia likigonga, hunikumbusha:

Chuma kilichovunjika, usikidanganye moto,
Fundi hataki haraka, si mchezo wa mtoto,
Amana ukiishika, mzigo wake mzito,
Cha rahisi huzunguka, kikarudi kwa majuto.